Nafasi Tupu Ndani ya TiVo

Haya vijana, sogeeni. Leo hatuna sungura wala fisi, tuna masanduku mawili.

Mwaka 1999, ukiingia duka la vifaa vya umeme kule Marekani, ungeyakuta rafuni yamekaa bega kwa bega. Yote mawili yanaitwa TiVo, yote yameundwa na Philips, sura ni moja, na rimoti ni ileile yenye umbo la karanga. La kwanza bei yake dola 499, la pili dola 999. Ukimuuliza muuzaji tofauti iko wapi, jibu lilikuwa fupi: hili linarekodi saa 14 za televisheni, lile saa 30. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Saa 16 za ziada kwa dola 500! Zimefichwa wapi saa hizo hata ziwe ghali namna hiyo?

Wapo waliojiuliza swali hilo wakiwa na bisibisi mkononi. Habari yao ndiyo nitakayowasimulia.

Lakini nyinyi mmezaliwa mkaikuta YouTube imeshafika, kwa hiyo sina budi kurudi nyuma kidogo. Kabla ya hapo palikuwa na deki. Deki ilimeza mkanda, na ndani ya mkanda picha zilipangwa moja baada ya nyingine kwenye utepe mrefu. Ukitaka kuona mwisho wa filamu, unapeleka mbele huku mota inalia. Ukitaka kurekodi mechi ukiwa haupo, unatega saa ya deki, na katika nyumba nyingi saa hiyo ilikuwa inawakawaka 12:00 tangu siku ilipotoka dukani, kwa sababu hakuna aliyejua kuirekebisha. Na jambo moja deki haikuliweza kabisa: kurekodi kipindi na papo hapo kukuonyesha mwanzo wake. Kichwa kiko sehemu moja ya utepe, hakiwezi kuwa sehemu mbili.

Kampuni ya TiVo ilianzishwa California mwaka 1997 na Jim Barton na Mike Ramsay, na mashine yao ya kwanza ilitoka tarehe 31 Machi 1999. Mkanda hawakuutaka. Picha iliyoingia kutoka kwenye antena au kebo iligeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu zikaandikwa kwenye diski kuu, aina ileile inayokaa ndani ya kompyuta ya mezani. Kichwa cha diski huruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kinaweza kuandika dakika ya 20 ya mechi huku kikikusomea dakika ya 5. Ndiyo maana mwenye TiVo aliweza kusimamisha mpira, akaenda kumfungulia mgeni mlango, akarudi na kuendelea palepale. Mpira wenyewe uwanjani haukusimama, bila shaka. Ni mashine iliyokuwa ikirekodi kimyakimya muda wote, ikitunza dakika 30 za mwisho hata kama hukuiagiza chochote.

Diski ya lile sanduku la bei nafuu ilikuwa na ukubwa wa gigabaiti 13.6. Leo simu ya mkononi ya kawaida inaizidi mara kadhaa. Kama TiVo ingehifadhi picha ya televisheni ya Marekani ilivyo, bila kuibana, kila sekunde ingekula megabaiti 20 hivi na diski nzima ingejaa katika dakika 11. Wala mechi isingefika mapumziko. Kwa hiyo ndani palikuwa na chipu iliyobana picha kwa mtindo wa MPEG-2, ule uliotumika kwenye DVD: badala ya kuandika kila picha nzima, inaandika picha moja kamili, halafu kwa zinazofuata inaandika yaliyobadilika tu. Mtangazaji wa habari akikaa tuli mbele ya pazia, pazia halina haja ya kuandikwa upya kila mara. Kwa ubora wa chini kabisa, saa moja ilikaa ndani ya gigabaiti moja hivi. Gigabaiti 13.6, saa 14. Mnaona sasa saa zilipofichwa.

Saa zilikuwa diski. Na diski ni kitu kinachouzwa dukani, kila mwaka kubwa zaidi na kila mwaka kwa bei ya chini zaidi.

Fungua basi tuone. Kwanza kabisa chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Skrubu za nyuma si za mstari wala za msalaba. Kila moja ina tundu la nyota yenye ncha sita, linalotaka bisibisi yake maalumu, na mtu mwenye papara atalazimisha kisu na kuiharibu. Zikitoka, mfuniko unasukumwa nyuma kidogo kisha unanyanyuliwa. Ndani kuna kifuniko kingine? Hakuna. Ubao wa umeme uko wazi, bila kizuizi chochote kati yake na vidole vyako. Juu yake zimesimama kapasita, zile zinazofanana na vikopo vidogo, na kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mafundi wa redio hawasemi "umeme umezimwa", husema "subiri kwanza". Nawaomba nanyi msubiri, na vidole visitembee upande ule hata baada ya kusubiri. Kama kwenu kuna televisheni ya zamani yenye kichogo, hiyo msiifungue kabisa: kioo chake hutunza umeme wa maelfu ya volti, na huo hauna mzaha.

Ukiuacha ubao wa umeme, unakuta feni, ubao mkuu wenye prosesa aina ya PowerPC inayokwenda kwa megahezi 54, kumbukumbu ya megabaiti 16, na diski yenyewe imefungwa kwenye kitako cha bati. Pembeni ya diski hiyo pana nafasi tupu, inayotosha diski ya pili. Hakuna aliyeichonga baadaye. Kiwanda chenyewe kiliiacha. Na programu iliyoendesha yote haya ilikuwa Linux, ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha. Kwa kifupi, ilikuwa kompyuta iliyovaa kanzu ya deki.

Mngedhani basi kazi ni kununua diski, kuifunga kwenye ile nafasi na kuwasha. Ilikuwa na mitego mitatu, na mtego wa pili ndio ninaoupenda.

Mtego wa kwanza: diski nyingi za Quantum zilizokuwa ndani zilikuwa zimefungwa kwa nenosiri. Ukiichomoa na kuipeleka kwenye kompyuta, inajitambulisha kuwa ni ndogo mno, megabaiti chache tu, zilizobaki imezificha. TiVo yenyewe ilikuwa inaifungua kila ilipowaka. Wajanja wa mwanzo waliwasha TiVo, wakasubiri ifungue diski, halafu wakahamisha waya wa data kwenda kwenye kompyuta huku umeme bado unaingia. Ilifanikiwa, ila moyo ulidunda. Baadaye ikaandikwa programu ndogo ya kuifungua kwa amani.

Mtego wa pili: diski ikishafunguliwa, kompyuta inaisoma na kuona takataka tupu. Si kwamba imeharibika. Kwenye TiVo, kila baiti mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Chukua neno KARIBU, ligawe herufi mbilimbili: KA, RI, BU. Pindua kila jozi: AK, IR, UB. Sasa soma: AKIRUB. Herufi ni zilezile, hakuna iliyopotea, lakini msomaji asiyejua siri ataapa kwamba ni lugha ya kigeni. Aliyegundua hilo hakuhitaji kuvunja chochote. Aliiambia Linux ya kwenye kompyuta yake ipindue kila jozi wakati wa kusoma, na ghafla majina ya mafaili yakajitokeza kwenye kioo, safi kabisa.

Mtego wa tatu ulikuwa wa kizembe, na uliwaumiza wengi. Mtu alifunga diski ya TiVo kwenye kompyuta yake, akasahau, akawasha Windows kama kawaida. Baadhi ya matoleo ya Windows yakikuta diski yasiyoielewa huweka alama yake mwanzoni mwa diski hiyo, kwa nia njema tu. Alama hiyo ilikaa juu ya maelezo ambayo TiVo iliyahitaji ili iwake. Ndiyo sababu wenye akili walianza kwa kunakili diski nzima, baiti kwa baiti, kabla ya kugusa kitu. Kunakili kulichukua saa nyingi. Aliyeona uvivu kusubiri alijikuta na kizito cha kuwekea mlango kilichomgharimu dola 499.

Palikuwa na programu iliyoitwa BlessTiVo, yaani ya kubariki. Uliielekeza kwenye diski mpya, nayo ikaipanga upya kwa mpangilio ambao TiVo inautambua, ikaiandika kuwa ni mwenzi wa ile ya zamani. Hapo unaziunganisha zote mbili kwenye utepe mmoja bapa wa nyaya, unahamisha kijampa kidogo cha plastiki nyuma ya diski mpya kuonyesha kwamba hii ni ya pili na si ya kwanza, unafunga, unawasha. TiVo inaamka, inahesabu, na kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo zile saa 14 zimegeuka kuwa nyingi. Tangu hapo hakuna talaka. Mashine inatawanya vipindi kwenye diski zote mbili, kipande huku na kipande kule, na ukiiondoa moja, nyingine haifai kitu.

Kuna aliyeuliza: basi niweke diski kubwa kuliko zote? Hapana. TiVo za mwanzo zilihesabu vyumba vya diski kwa namba yenye nafasi 28 za sifuri na moja. Hesabu ya namna hiyo inaishia kwenye vyumba 268,435,456, na kila chumba kina baiti 512. Zidisheni mtapata gigabaiti 137 na ushee. Ukiweka diski ya gigabaiti 200, zilizozidi hazionekani, mpaka mtu abadilishe kiini cha Linux chenyewe, na kweli baadaye walikuja waliokibadilisha. Tena kuna joto. Sanduku lina feni moja na sasa lina diski mbili zinazozunguka usiku na mchana, sebuleni, karibu na kochi. Waliochagua diski za mizunguko 5,400 kwa dakika walikuwa na mashine iliyopoa na kunyamaza kuliko waliokimbilia za 7,200. Kwa kazi hii mwendo wa ziada haukuwa na faida yoyote. Picha haiji haraka zaidi kwa sababu diski ina haraka.

Palikuwa pia na michezo ya bure isiyohitaji bisibisi. Ukiwa unaangalia kipindi, ulibonyeza kwenye rimoti Select, Play, Select, 3, 0, Select, na kitufe kimoja kikageuka kuwa cha kuruka sekunde 30 mbele. Tangazo la biashara la Marekani mara nyingi lina sekunde 30. Mmeelewa wenyewe.

Sasa twende Canberra, Australia.

Andrew Tridgell ni mtunzi wa programu wa Australia. Miaka ya mwanzo ya 1990, akiwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alianza kuandika programu inayoitwa Samba, inayoziwezesha kompyuta za aina mbalimbali kugawana mafaili na zile za Windows. Wenye Windows hawakumpa maelezo. Yeye aliketi kusikiliza kompyuta zikizungumza kwenye waya. Baadaye aliueleza mtindo wake kwa mfano wa mtu aliyeingia mkahawa wa Kifaransa bila kujua Kifaransa: mteja mmoja anatamka jambo, analetewa kahawa, mwingine anatamka jambo, analetewa mkate, ukikaa muda wa kutosha na kuandika unachosikia, utaweza kuagiza chakula.

Mtu wa namna hiyo akiisikia TiVo, hawezi kutulia. Lakini huko Australia ilikuwa haiuzwi. Akaagiza ya Marekani, na hapo matatizo yakampokea.

La kwanza lilikuwa picha. Televisheni ya Marekani ilitumia mfumo wa NTSC: mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Australia ilitumia PAL: mistari 625 na picha 25. Wazee wenu wanalijua hili, kwa sababu Kenya na Tanzania nazo zilikuwa za PAL, Zanzibar ikiwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shangazi akirudi kutoka Marekani na mkanda wa harusi, mnauweka kwenye deki, bibi harusi anageuka wa kijivu na kupanda juu ya kioo kama anayetaka kutoroka. Tatizo la Tridgell lilikuwa hilohilo, ila yeye aliangalia chipu kabla ya kukata tamaa. Zile chipu za kubana na kukunjua picha zilikuwa zinaijua PAL pia. Ni kwamba tu hakuna aliyeziamuru. Kazi ikawa ya kuandika programu inayoingia ndani na kubadilisha mipangilio yao. Kitafuta-stesheni cha ndani kilibaki cha Kimarekani, kwa hiyo picha iliingizwa kupitia soketi za nyuma kutoka kwenye kifaa kingine.

La pili lilikuwa mlango. Unaingiaje ndani ya kompyuta isiyo na kibodi? Nyuma ya TiVo palikuwa na soketi ndogo ya mawasiliano, iliyowekwa ili mashine iweze kukiamuru kisanduku cha kebo kibadilishe stesheni. Wadadisi walichomoa diski, wakafungua faili inayosomwa wakati mashine inawaka, wakaongeza mstari mmoja: "anzisha dirisha la amri, jibu lije kwenye soketi ile." Wakairudisha diski, wakaunganisha waya, wakawasha. Kwenye kompyuta ya pili ikatokea alama ya kusubiri amri. Hapo mashine ya sebuleni ikawa inajibu maswali.

Lakini soketi ile ni nyembamba, data inapita kwa kudondoka. Kwenye ukingo wa ubao mkuu wa TiVo palikuwa na safu ya meno ya shaba yasiyounganishwa na kitu, ambayo mnunuzi hakuambiwa kazi yake. Tridgell aliichunguza safu hiyo, akabuni kibao kidogo kinachojichomeka hapo, na kwa upande wa pili kikapokea kadi ya mtandao ya kawaida, ile ya zamani iliyokuwa imeanza kutupwa maofisini. Akakiita TiVoNet. Mbinu hiyo naiona bora kuliko ya diski kubwa. Diski inaongeza kilichokuwapo. Kibao hiki kiliipa mashine kitu ambacho walioiunda hawakuwa wamekiuza: mtandao. Muda si mrefu watu wakawa wanafungua ukurasa kwenye kompyuta ya kazini na kuiagiza TiVo iliyoko nyumbani irekodi kipindi cha usiku.

La tatu ndilo lililodumu. TiVo haikujua yenyewe kesho kuna kipindi gani. Kwa modemu yake ilipiga simu kwa kampuni, ikachukua ratiba za vituo, na kwa huduma hiyo Wamarekani walilipa dola 9.95 kwa mwezi au dola 199 mara moja kwa maisha yote ya mashine. Canberra kulikuwa na simu, lakini upande wa pili hapakuwa na ratiba ya Australia. Basi watu wa kujitolea wakajifunza maswali ambayo TiVo huuliza ikipiga simu na majibu inayoyategemea, wakaandika programu ya kujibu, wakaanza kukusanya wenyewe ratiba za vituo vya Australia na kuziweka katika umbo ambalo mashine inalielewa. Mashine iliuliza, ikajibiwa, ikaridhika.

Nataka mlitazame jambo moja hapa. Kule Marekani wangeweza kutumia ujuzi huohuo kukwepa ile ada ya dola 9.95. Wengi hawakutaka. Waliokuwa wakifungua TiVo waliwekeana mpaka wenyewe: ongeza diski, weka mtandao, badilisha rangi za menyu ukipenda, lakini huduma usiibe, na aliyeuliza namna ya kuiba hakupata mwalimu. Kampuni nayo iliwatazama kwa jicho la upole. Ilichapisha mabadiliko iliyoyafanya kwenye Linux, kama leseni ya Linux inavyodai, na haikuwapeleka mahakamani watu wa diski. Naamini pande zote mbili zilijua kwamba mtu aliyetumia usiku mzima kuikuza mashine yako hataiacha kesho kwa ajili ya ya mwenzako.

Mashine za kizazi cha pili, mwaka 2002, zilikuja na mlinzi. Mstari wa kuanzisha dirisha la amri haukutosha tena. Mashine ilipowaka, chipu ndogo kwenye ubao mkuu ilikipima kiini cha Linux kwa hesabu, ikalinganisha na saini ya kiwanda, na kama hata herufi moja ilikuwa imeguswa, ilikataa kuendelea. Programu bado ilikuwa huru kusomwa na kubadilishwa, kwenye karatasi. Ila ukiibadilisha, mashine uliyoinunua kwa pesa yako haikubali kuiendesha.

Mafundi walijibu kwa risasi, namaanisha risasi ya kulehemu. Chipu ya mlinzi ilikuwa na miguu 32, midogo na iliyosongamana. Unaiyeyusha risasi ya miguu yote bila kuung'oa ubao njia zake za shaba, ambazo ni nyembamba kuliko unywele na hubanduka ukizidisha joto. Unasafisha. Unalehemu soketi mahali pake. Halafu unaandika chipu nyingine yenye maneno yaleyale isipokuwa ile sehemu ya kulinganisha saini, unaikandamiza kwenye soketi. Mkono ukitetemeka, mashine imekwisha. Hii haikuwa tena kazi ya kila mtu mwenye bisibisi ya nyota, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Ugomvi ukahama kutoka mezani kwa fundi ukaenda kwa wanaoandika leseni. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, akalipa tendo hilo jina kutokana na TiVo yenyewe, na leseni mpya ya GPL toleo la 3, iliyotoka tarehe 29 Juni 2007, ikaweka masharti dhidi yake: ukimuuzia mtu kifaa cha nyumbani chenye programu hii, mpe pia uwezo wa kuendesha toleo alilolibadilisha. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, hakukubali. Kwake, kazi ya leseni ni programu irudishwe kwa wote. Chuma ni cha aliyekiunda, na asiyependa asinunue. Linux ikabaki na toleo la 2 hadi leo. Wote wawili ni watu wa kuheshimiwa, lakini mimi niko na Stallman katika hili. King'amuzi kilichoko sebuleni kwenu huenda kinaendeshwa na Linux hivi sasa mnaponisoma, na sidhani kama kuna mlango uliobakishwa kwa ajili yenu.

Australia hatimaye iliuziwa TiVo rasmi mwaka 2008, miaka mingi baada ya Canberra kujihudumia. Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ilitokea Uingereza. Huko TiVo ilianza kuuzwa mwaka 2000, haikupata wanunuzi wengi, ikaacha kuuzwa, ingawa ratiba ziliendelea kutumwa kwa waliokwisha kuinunua. Mwaka 2011 wakaambiwa: tarehe 1 Juni ratiba zinakatwa. Wengi wao walikuwa wamelipia huduma ya maisha. Mashine zilikuwa nzima, diski zilizoongezwa zilikuwa zinazunguka, kadi za mtandao zilikuwa zimechomekwa kwenye meno yaleyale ya shaba, na bila ratiba zote zingebaki kubonyezwa kwa mkono kama deki.

Waingereza wakaichukua ile programu ya Waaustralia ya kujibu simu za TiVo, ile iliyoandikwa kwa sababu Canberra haikuwahi kuwa na huduma, wakaiwekea vituo vya Uingereza. Watu wa kujitolea wakagawana vituo, kila mmoja na vyake vya kuviandalia ratiba. Juni ilipofika, wenye mashine wakazielekeza kwenye kompyuta mpya. Zikauliza vipindi vya wiki ijayo, zikajibiwa, zikaendelea kurekodi.